Mafundo Mawili

Huu ni usiku wa kumi na tisa nakikosa kikapu.
Kinaning'inia mbele ya pua ya ndege yangu,
mduara mdogo mweupe mwishoni mwa mpira mrefu,
kama ungo uliofungwa kwenye mkia wa ng'ombe,
na mimi, Murhula wa Essence, chumba cha nyuma,
mbao za ukuta zikinong'ona na mvua ya Bukavu,
natoka jasho futi elfu ishirini
juu ya bahari ambayo sijawahi kuiona.

Kuisogelea si kuifukuza.
Hilo nimelijua usiku wa sita.
Ukiikimbilia, unaipita; ukishtuka, unarudi nyuma;
ukirudi nyuma, unashtuka tena,
pua inapanda, inashuka, inapanda,
kama kuku anayekunywa maji.
Mafundo mawili tu kuizidi ndege ya mafuta,
mwendo wa mtu anayeingia msibani amechelewa.

Ciza, aliyeniuzia kompyuta na fimbo iliyochakaa
(springi yake moja nimeitoa kwenye kalamu),
alinionya: unaikaba shingo. Legeza.
Tikisa vidole vya miguu.
Na kikapu usikitazame. Ukikitazama, kinakucheza.
Tazama tumbo la ile kubwa, taa zake,
mishono ya mabati yake,
kaa nayo kama unavyokaa na mtu,
kikapu kitakuja chenyewe.
Nikamwambia: Ciza, hayo ni maneno ya mchumba.
Akacheka. Hajaoa mpaka leo.

Chini ya mabawa kuna makombora manne.
Mchezo unayaweka wenyewe; mimi nayavua kabla ya kuruka.
Usiku wa pili nilisahau visikilizio,
injini ikanguruma nyumba nzima,
nikamkuta koko Nsimire chini ya meza,
sufuria kichwani, unga wa muhogo mabegani,
akihesabu wajukuu kwa majina,
na mimi akinihesabu mara mbili.
Sikumweleza. Ungeanzia wapi?
Tangu hapo naruka kimya, mikono mitupu,
napanda, nanywa, nageuka nyumbani.

Mchana mama anauza petroli njia panda.
Chupa, vibidoni, funeli ya chupa ya maji iliyokatwa kiuno.
Pikipiki inasimama bila kuzima, inatetemeka,
dereva anagombana na simu,
na mama anamimina huku akibishana na jirani ng'ambo ya barabara
juu ya bei ya sambaza,
hata hatazami,
na hakuna tone linaloanguka.
Nimekaa karibu naye miaka mingapi bila kumwona?
Nikamuuliza: mkono wako unajuaje?
Akafungua fundo la kitenge, akatoa chenji, akafunga.
"Tone ni pesa," akasema. "Sogea, unanizibia wateja."

Sasa nimelegea. Vidole vinacheza ndani ya soksi.
Taa. Mishono. Lile tumbo pana, limetulia.
Mafundo mawili. Moja na nusu.
Kikapu kinapita pembeni mwa jicho
kama mtu wa nyumbani asiyebisha hodi,
na tok,
mpira unajikunja, namba zinaanza kupanda,
mia nne, mia tano, mia tano na themanini

na skrini ikazima.
Nje jenereta ilikohoa mara mbili. Imekauka.

Giza. Mvua. Nikakaa na fimbo mkononi
kama mtu aliyebaki na mpini wa mlango.
Kisha viatu vya plastiki ukumbini,
mfuniko wa kibidoni ukizungushwa,
mama ameshika tochi kwa meno,
akaitoa ili aseme:
"Leo mimina wewe."

Nikamimina nikitazama uso wake.
Tone moja lilianguka.
Alilisikia.